Hori na Huzuni katika Krismasi ya Jim Reeves

Jim Reeves, mwimbaji wa muziki wa kantri aliyezaliwa Texas mwaka 1923, alitoa albamu yake *Twelve Songs of Christmas* mwaka 1963. Tarehe 31 Julai 1964 alifariki katika ajali ya ndege karibu na Nashville. Sauti yake imedumu, hata katika nyumba za Wakristo wa Kenya, ambako anapendwa sana. Kwa kuwa nyimbo hizi huwafikia washarika wengi kabla ya mahubiri yetu, yatupasa kuzipima.

Wako watakaozikataa kwa sababu ni muziki wa kidunia. Hoja hiyo haitoshi. Luther alipowatungia watoto wimbo wa Krismasi *Vom Himmel hoch*, uliochapwa mwaka 1535, aliutia kwanza katika tuni ya wimbo wa kawaida wa watu. La kupimwa, basi, si asili ya tuni, bali ni jambo linalotangazwa.

Tukiri kwanza uzuri wake. Reeves haimbi kwa kelele. Mtindo wa Nashville uliolainisha kantri kwa vinanda vya nyuzi na waitikiaji humwezesha kutamka kila neno likasikika. Tena *Blue Christmas* hausemi uongo: mtu aliyeachwa peke yake anaikabili sikukuu kwa majonzi. Mchungaji aliyetembelea nyumba ya wafiwa mwezi wa Desemba anaijua hali hiyo.

Udhaifu uko katika mpangilio. Majonzi hayo hayapati jibu. Hufunikwa upesi na Santa Claus, kadi ya zamani na theluji. Nyimbo za imani zimewekwa mwishoni, hadi *Silent Night*, nazo zaimbwa kwa ulaini uleule ulioimbiwa kadi na theluji. Ingawa *O Little Town of Bethlehem*, wimbo wa kasisi Phillips Brooks, hugusa hofu za wanadamu, uimbaji hautuamshi tuisikie. Hivyo upande mmja wa sahani una swali, upande wa pili una jibu, wala havikutani. Mtoto wa Bethlehemu anageuka kuwa kumbukumbu tamu miongoni mwa nyingine.

Wainjilisti hawakufanya hivyo. Mathayo anaweka kilio cha Raheli katika sura ileile ya mamajusi. Luka anamleta Simeoni, anayemtajia Mariamu upanga utakaoingia moyoni mwake, Mtoto akiwa bado mikononi. Hori na msalaba havitenganishwi.

Hatusemi albamu hii iondolewe majumbani. Twasema kwamba mhubiri aisikilize, ajue ni huzuni gani washarika wake wanakuja nayo kanisani, kisha afanye lile ambalo Reeves hakulifanya: amwambie mwenye majonzi kwamba aliyelazwa horini alizaliwa kwa ajili yake, akafa kwa ajili yake, naye yu hai.