Bikira au Mwanamwali? Neno Moja la Isaya 7:14

Kila afundishaye Agano la Kale huulizwa siku moja: Isaya alipompa mfalme Ahazi ishara, je, alimtaja bikira? Biblia ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1952 yasema hivyo. Lakini tukikitazama Kiebrania twaona neno jingine.

Isaya alisema “alma”, maana yake mwanamke kijana aliyekwisha kubalehe. Neno la Kiebrania litumiwalo zaidi kwa bikira ni “bethula”, kama aitwavyo Rebeka katika Mwanzo 24:16. Nasi katika Kiswahili tunalo neno lililo karibu sana na “alma”, yaani mwanamwali. Watu humdhania mwanamwali kuwa bikira, lakini jina lake lataja umri wake tu. Wafasiri wetu walilijua neno hili, kwa maana katika Wimbo Ulio Bora 1:3, penye “alma” kwa wingi, wameandika “wanawali”.

Basi bikira ametoka wapi? Ametoka katika tafsiri ya Kiyunani ya Wayahudi, iliyofanywa kabla ya Kristo, yenye neno “parthenos”. Nayo ndiyo aliyoifuata Mathayo (1:23). Katika karne ya 2 Justin Martyr aliwashutumu walimu wa Wayahudi waliofasiri “mwanamke kijana”. Shutuma hiyo haikuwa ya haki. Gombo kubwa la Isaya la Qumran, lililoandikwa kabla ya Kristo na kuonekana mwaka 1947, lina “alma” vile vile.

Wako waogopao ya kuwa imani itaanguka. Haitaanguka, Luka asimulia habari za bikira Mariamu pasipo kuitaja aya hii. Tena tusimsahau Ahazi. Wafalme wa Shamu na Israeli walikuwa wakimtisha. Aliambiwa kwamba kabla mtoto huyo hajajua kuchagua mema, nchi zao zitaachwa ukiwa. Dameski ilianguka mwaka 732 kabla ya Kristo. Ishara ilikuwa na maana kwake kwanza, ndipo Mathayo akaona utimilifu ulio mkubwa zaidi.

Kwa hiyo shauri letu ni hili: Isaya aachiwe mwanamwali wake, na Mathayo bikira wake. Mfasiri ni mjumbe, wala si kazi ya mjumbe kuwapatanisha waliomtuma kwa kubadili maneno ya mmoja wao. Mwanafunzi akiyaona maneno yote mawili, atauliza. Na hapo ndipo mafundisho yaanzapo.