Mafundisho ya Vijana Katika Vitabu Viwili

Mwaka 1938 kilichapishwa London kitabu kiitwacho Facing Mount Kenya, mtungaji wake akiwa Jomo Kenyatta, mtu wa Gatundu, ambako si mbali na Thika wala Ruiru. Zimo ndani yake sura mbili ambazo wanafunzi huzifungua kwa kuibia huku wakichekeana: moja yahusu tohara, ya pili yahusu mwenendo wa vijana baada ya kutahiriwa. Nakusihi, msomaji, uzisome waziwazi, maana zina jambo ambalo shule zetu hazijaliweza.

Kenyatta aeleza kwamba kijana wa Kikuyu hakuachwa ajifunze habari za mwili wake kwa uvumi. Alikuwa na wadhamini, alikuwa na rika lake, na nyimbo za siku zile zilitaja bila kificho mambo ambayo leo mzazi huyapita kwa kukohoa. Hata desturi ya ngweko, ambayo wamisionari waliiona uchafu mtupu, ilikuwa na kanuni zake: vijana waliruhusiwa kukumbatiana, lakini vazi la msichana lilifungwa madhubuti, na mvulana aliyethubutu kulifungua alihukumiwa na rika lake mwenyewe. Aliyempa msichana mimba alitozwa mbuzi. Hapa ndipo penye nguvu ya sura hizo, kwamba wajibu ulimshika mvulana pia. Siku hizi mimba ya mwanafunzi huhesabiwa kuwa kosa la msichana peke yake. Tangu 1994 upo mwongozo wa serikali wa kumrudisha shuleni akiisha kujifungua. Lakini ni nani aulizaye habari za yule mwenzake?

Hata hivyo tusimwamini mtungaji kwa kila neno. Kenyatta aliandika kama wakili. Ukeketaji wa wasichana aliutetea kwa hoja kwamba ukiuondoa utaivunja elimu yote iliyofungamana nao, na habari za jeraha azisimulia kwa utulivu wa mtu ambaye halikumpata yeye. Sheria ya Kenya ya 2011 imekikataza kisu hicho kabisa, na ni haki. Mafundisho yaliyokuwa pamoja nacho, je, yalihamia wapi?

Ngugi wa Thiong'o aligusa swali hilo katika The River Between, riwaya ya 1965. Muthoni, binti wa mhubiri Joshua, atoroka nyumbani ili akatahiriwe, naye afa kwa jeraha. Wasomaji wengi huilaumu mila, wakaishia hapo. Lakini itazame vizuri nyumba ya Joshua: makatazo yamejaa tele, maelezo hakuna. Binti ataka kujua kuwa mwanamke ni kuwa nini, na wa kumwambia wako ng'ambo ya mto tu. Kwa maoni yangu Ngugi amwona msichana vizuri kuliko Kenyatta, kwa kuwa ampa kinywa cha kusema. Ila amwua mapema mno, na kisa chageukia siasa za Waiyaki.

Sasa vilete vitabu hivi Thika na Ruiru za leo. Rika la namna ile halipo. Katika vyumba vya kupanga watoto wa Kikuyu, Kikamba, Kiluhya na Kijaluo watenganishwa na ukuta mmoja tu, na nyanya aliyekuwa na ruhusa ya kusema yuko Kitui au Kakamega. Mama akiwa zamu ya usiku kiwandani, mwalimu wa mambo haya huwa ni simu. Silabasi ya Biolojia ya mfumo wa 8-4-4 iliuweka uzazi katika kidato cha tatu, na mwalimu mwenye haya aweza kukaa na ua la mharagwe mpaka kengele ilie. Mwaka 2013 Kenya, pamoja na nchi nyingine za mashariki na kusini mwa Afrika, iliahidi huko Cape Town kwamba itafundisha elimu ya jinsia kwa ukamilifu. Wazazi na viongozi wa dini wengi walihofu kwamba huko ni kuwafunza watoto uzinzi. Hofu hiyo si ya kudharauliwa; lakini wazee wa Kenyatta walisema wazi na papo hapo wakaweka mpaka.

Tena waliwaambia wote. Sheria ya 2017 iliwapa wasichana wa shule sodo za bure, jambo jema sana. Lakini mara nyingi siku ya kuzigawa wasichana huketishwa darasani kuelezwa habari za hedhi, na wavulana huambiwa watoke wakacheze mpira.