Ua na Chuma: Uhakiki wa Mchezo Uitwao Flower

Si desturi kuihakiki michezo ya video katika kurasa za taaluma ya Kiswahili, na sababu yake inaeleweka: mhakiki wa fasihi huanza kazi yake penye neno, ilhali michezo mingi ya aina hiyo huanza penye bunduki. Flower, mchezo uliotolewa mwezi wa Februari 2009 na kikundi kidogo cha Los Angeles kiitwacho thatgamecompany kwa ajili ya mashine ya PlayStation 3, hauna bunduki wala hauna neno. Hakuna msimulizi, hakuna mazungumzo. Kuna bonde la nyasi, kuna upepo, na kuna petali moja inayopeperushwa. Hata hivyo mtu aliyeufikisha mwisho anaweza kuusimulia kama hadithi yenye mwanzo, mgogoro na kilele, na hilo latosha kuwa sababu ya kuuchunguza. Jina lake likifasiriwa ni Ua. Mjuzi wa Kiswahili hataacha kutabasamu, maana umbo hilohilo ni shina la kitenzi cha kutoa uhai, kazi ambayo michezo mingine huwapa wachezaji wake kutwa kucha.

Muundo wake ni mwepesi kueleza. Katika chumba cha nyumba ya mjini kuna chungu cha ua dirishani; nje ya dirisha kuna mji wa rangi ya majivu. Mchezaji huchagua ua, na papo hapo huingia katika kile kinachoweza kuitwa ndoto ya ua hilo. Ndoto ni sita. Katika kila moja mchezaji huinamisha kifaa alichoshika mkononi ili kuugeuza upepo, na hubonyeza kitufe chochote ili upepo uvume. Petali ikigusa ua lililofumba, ua hilo huchanua na kutoa petali yake, nayo hujiunga na msafara. Baada ya dakika chache nyuma ya petali ya kwanza huwa kuna mkia mrefu wa rangi nyingi. Nyasi zilizokauka hugeuka kijani pale msafara unapopita. Hakuna saa inayohesabu, hakuna alama za ushindi juu ya kioo, na hakuna kufa. Tangu mwaka 2017 mchezo huo umechezeka pia katika simu za iPhone, na tangu 2019 katika kompyuta za kawaida.

Jenova Chen, kiongozi wa kazi hiyo, alizaliwa Shanghai na akasomea Marekani. Amepata kueleza kwamba wazo lilitokana na mshangao wa mtu aliyekulia katika mji mkubwa na kisha kukuta California mashamba ya nyasi yasiyo na mwisho. Maelezo hayo ni muhimu kwa mhakiki, kwa sababu yanaonyesha kwamba macho yanayotazama bonde hili si macho ya mkulima. Ni macho ya mtu wa mjini aliye na chungu kimoja dirishani.

Swali gumu zaidi ni la mhusika. Mchezaji ni nani katika kazi hii? Si petali, kwa kuwa petali hupelekwa. Ni upepo, naye upepo haonekani. Hapa sarufi ya Kiswahili inasaidia kuona jambo ambalo lugha nyingine hulificha. Kiswahili hutenga kuenea na kueneza, kuota na kuotesha, kuchanua na kuchanusha. Katika jozi hizo kitenzi cha kwanza hakimtaki mtendaji wa nje: mbegu huota, hata kama shamba halina mwenyewe. Cha pili humleta mtu mwenye nia, na pamoja na nia huja wajibu, maana aliyeotesha ndiye atakayeulizwa mmea ukikauka. Flower humpa mchezaji uwezo wa kuotesha lakini humwachia wepesi wa kuota. Yeye ndiye anayebonyeza kitufe, yeye ndiye anayechagua njia, lakini hapaliliwi kitu, hamwagiliwi mmea, na hakuna ua litakalonyauka kwa uzembe wake. Utulivu unaosifiwa na wachezaji wengi unatoka hapo kwa sehemu kubwa. Si utulivu wa bustani, kwa kuwa mwenye bustani ana hofu zake.

Muziki uliotungwa na Vincent Diamante unaimarisha hisia hiyo kwa ustadi wa kweli. Kila ua likichanua hutoa sauti yake, na sauti hiyo huingia katika wimbo unaoendelea bila kuuharibu. Mchezaji asiyejua kupiga ala yoyote hujikuta ni mmoja wa wapigaji. Pale ambapo hadithi ya mdomo ingemtaka msikilizaji aitikie, mchezo huu humtaka aguse, na mwitikio wake huwa ni sehemu ya usimulizi. Mtafiti wa fasihi simulizi atapata hapa mengi kuliko atakavyopata katika picha, ambazo, pamoja na uzuri wake, zimekwisha kupitwa na nyingine nzuri zaidi.

Elimu ya mimea inaleta shaka ya kwanza. Petali haizai. Kinachobebwa na upepo ni chavua au mbegu, na mimea inayoutegemea upepo kwa uchavushaji, kama vile mahindi na nyasi kwa jumla, haina haja ya petali za kupendeza. Mapambo hayo yapo ili kuwavuta nyuki, vipepeo na ndege. Flower umewafuta hao wote. Hakuna nyuki hata mmoja katika bonde lote. Huenda ikajibiwa kuwa kazi ya sanaa haina deni kwa mwalimu wa biolojia, na jibu hilo ni sahihi. Lakini ufutaji huu una maana yake: uhai hapa unaenea bila viumbe kupeana chochote, na mwenye kuusambaza ni mmoja tu, yaani mchezaji.

Ndoto tatu za kwanza zina furaha isiyo na kivuli. Katika ya tatu mchezaji huamsha vinu vya upepo, na katika ya nne usiku huingia, taa zikiwaka moja baada ya nyingine kando ya njia ya petali. Sehemu hiyo ya nne ndiyo bora kuliko zote, kwa sababu mwanga wa mtu na mwanga wa ua vinakaa pamoja na hakuna anayemnyang'anya mwenziwe. Kisha umeme unaharibika. Ndoto ya tano ni giza na dhoruba, nguzo za chuma zimepinda na kuanguka, na petali zikizigusa huungua. Kwa mara ya kwanza mchezaji huogopa. Mgogoro huu ulihitajika, maana hadithi isiyo na mgogoro ingechosha. Kasoro iko katika utatuzi. Katika ndoto ya sita msafara wa petali huingia mjini, hugonga vyuma vilivyosokotana, navyo hupasuka na kutoweka. Majengo ya kijivu hupakwa rangi. Upepo uliokuwa ukichanusha sasa unabomoa, na mchezo ulioikataa bunduki unamaliza kwa ushindi juu ya adui. Adui huyo ni chuma.

Msomaji wa Katanga hawezi kuupokea upinzani huo wa ua na chuma bila kuuliza swali. Juu ya vilima vya shaba vya nchi hii huota mmea mdogo ambao wataalamu huuita Haumaniastrum katangense, na ambao umejulikana kama ua la shaba. Hustawi katika udongo wenye shaba nyingi kiasi cha kuua mimea mingine, hata wataalamu wa mambo ya kale wameutumia kutambua mahali palipoyeyushwa shaba zamani. Hapa ua ni dalili ya madini. Upande mwingine, upepo wenyewe si mtu mwema sikuzote. Kiwanda cha kuyeyushia shaba kilichoanza kazi Lubumbashi mwaka 1911 kilitoa moshi kwa miaka mingi, nao upepo uvumao kutoka kusini-mashariki ukaupeleka kaskazini-magharibi, ukaacha ardhi tupu mahali kama Penga Penga. Watafiti wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walipojaribu kurudisha nyasi na miti huko, iliwabidi kutia chokaa na mboji kwanza. Ua halikutosha kuponya udongo kwa kugusa tu.

Haitakuwa haki kuudai mchezo wa Los Angeles uijue Penga Penga. Ila unaweza kudaiwa uadilifu kwa mantiki yake wenyewe. Vinu vya ndoto ya tatu ni chuma. Taa za ndoto ya nne zinahitaji waya. Hata kifaa kilichoinamishwa mkononi kina betri ya lithiamu, na betri za namna hiyo kwa kawaida huhitaji kobalti, ambayo zaidi ya nusu ya ile ya dunia nzima huchimbwa leo Kongo. Mchezo ulikwisha kulijua hilo katika sehemu yake ya nne, kisha ukalisahau.

Mfano wa kulinganisha upo. Terra Nil, uliotolewa mwaka 2023 na kikundi cha Free Lives cha Cape Town, nao unahusu kuotesha mimea katika ardhi iliyokufa. Lakini huko mchezaji huweka mashine kwanza, husafisha udongo, huleta maji, na mwishoni hulazimika kufungua mashine zote na kuondoka nazo. Hauna mbio tamu za petali, na kuna nyakati unafanana na hesabu za mhandisi. Lakini unakubali kwamba kuotesha ni kazi.

Mwaka 2013 jumba la sanaa la Smithsonian mjini Washington liliuingiza Flower katika hazina yake ya kudumu. Uamuzi huo unaweza kutetewa hata na mwenye shaka zote zilizotajwa, kwa sababu ya ndoto nne za kwanza na kwa sababu ya kitu kimoja kidogo kinachokuja baada ya ya sita. Orodha ya waliotengeneza mchezo haipiti juu ya kioo kama kawaida. Hutawanywa ndani ya bonde, na kila ua likiguswa hutokea jina la mtu. Baada ya ukimya wa muda wote huo, maneno ya kwanza ambayo upepo unafichua nyasini ni majina ya waliofanya kazi.