Kusoma Bila Mwongozo

Mwanafunzi wa sekondari, Kenya au Tanzania, huijua lugha ya mtihani kabla hajaijua riwaya yenyewe: maudhui, dhamira, wahusika, mbinu za uandishi, na lile agizo la kueleza muktadha wa dondoo. Mwongozo ulionunuliwa pamoja na kitabu, na pengine badala yake, umekwisha kumpangia majibu. Sizilaumu istilahi hizo. Fundi hagombani na vifaa vyake. Ila uko ufundi mwingine, unaoonekana mwanafunzi anapochukua riwaya ambayo hataulizwa na mtahini yeyote, akaisoma peke yake, kisha akaandika alichokiona. Huo ndio ninaousifu, na kwa maoni yangu hauanzi kwa kujua jibu. Unaanza kwa kukwama.

Chukua Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku shuleni Tanzania, na baadaye ikakubaliwa darasani. (Aliyeisoma kwa kujificha enzi hizo hakuwa na mwalimu wa kumwonyesha maudhui.) Aliyekaririshwa atakuambia kwa sentensi moja kwamba Rosa aliharibikiwa kwa sababu ya malezi ya ukali ya Zakaria, baba yake. Si uongo. Lakini msomaji makini anakwama: huyu Zakaria anayempiga binti kwa ajili ya barua ya mvulana ni mlevi aliyeshindwa kujichunga mwenyewe, basi anachunga nini hasa, binti au heshima yake? Anarudi nyuma kumtazama Regina, mama mtu, aone alisema wapi na alinyamaza wapi. Anakumbuka kwamba Rosa ana wadogo zake, waliokulia chini ya paa lilelile, naye anaanza kuwafuatilia hao pia. Kufikia hapo neno "malezi" halimtoshi tena, na maandishi yake yanajaa "lakini" na "hata hivyo". Nazipenda mno hizo "hata hivyo". Kila moja inaonyesha kwamba mtu alifunua tena ukurasa.

Walimu watasema kijana akiachwa peke yake hupotea, huwahukumu wahusika kama anavyowasengenya majirani. Ni kweli, hutokea. Dawa yake ni swali moja tu: umeliona wapi? Riwaya haikubali kila tafsiri. Maneno yaliyoandikwa humbana msomaji kuliko mwongozo wowote. Tena kosa la aliyesoma mwenyewe husahihishika, kwa kuwa njia aliyopita inaonekana. Jibu la kukariri halina nyayo, hata likiwa sahihi.

Pingamizi zito zaidi ni lile la muda na uhaba wa vitabu. Ratiba imejaa, na shule nyingi hazina maktaba ya maana. Hapo sina cha kubisha, isipokuwa kwamba ufundi huu hauhitaji zaidi ya daftari na penseli. Nakala moja iliyochakaa, ikizunguka mikononi mwa wanafunzi watano, yaweza kuzaa maoni matano yasiyopatana kuhusu Regina. Na anayeipokea mwisho ana bahati ya peke yake, maana mistari aliyoikuta imepigwa pembeni humwonyesha wenzake walikosimama, naye hushangaa mbona wote walipita tu pale alipokwama yeye.