Nyota Mbili, Kalenda Mbili

Katika haiku, neno la majira ndilo nanga ya shairi. Tanabata ni mojawapo ya maneno hayo, na mfasiri alifikapo hukutana na fumbo: vitabu vya maneno ya majira huiweka sikukuu hii mwanzoni mwa majira ya kupukutika majani, ilhali sehemu nyingi za Japani huiadhimisha tarehe 7 Julai, aghalabu mbingu zikiwa zimefunga kwa mvua.

Fumbo lilizaliwa mwaka 1873, Japani ilipoiacha kalenda ya kale na kushika ya jua. Ile ya kale ilifuata mwandamo wa mwezi, lakini kila baada ya miaka miwili au mitatu iliongezwa mwezi wa kumi na tatu, isije ikaachana na majira. Hapo ndipo ilipotofautiana na hesabu ya Kiislamu, ambayo huzunguka misimu yote. Siku ya saba ya mwezi wa saba ilikuja mvua zikiwa zimekwisha. Mwezi, ungali nusu, ulitua karibu na usiku wa manane, na kiza kikaufunua Mto wa Mbinguni, ule ukanda mweupe wa nyota unaowatenga Orihime mfumaji na Hikoboshi mchunga ng'ombe. Wapenzi hao huonana usiku huo mmoja tu katika mwaka.

Mji wa Sendai, kaskazini mashariki, huadhimisha tarehe 6 hadi 8 Agosti. Mianzi huinama kwa mapambo ya karatasi: korongo, nyavu za kuombea mavuno ya bahari, na tanzaku, vipande vinavyoandikwa dua. Tanzaku ndiyo karatasi ile ile ya washairi. Kwa kuchelewesha sikukuu mwezi mzima, Sendai imeyarudisha majira. Mwezi wa angani haukurudi.

Yaliyorudi si haba. Siku chache baadaye huja Obon, wafu wanapodhaniwa kurejea majumbani mwao. Kukutana kwa nyota ni utangulizi wa kukutana huko. Julai huvitenga viwili hivyo. Agosti 2011, miezi mitano baada ya tsunami ya tarehe 11 Machi, Sendai ilitundika karatasi zake kama kawaida. Mwaka huo hadithi ya waliotenganishwa na maji haikuhitaji sherehe ya mhakiki.

Basi mfasiri afanyeje? Bashō, aliyesafiri kaskazini mwaka 1689, alitunga shairi juu ya usiku wa kuamkia Tanabata. Kuandika "Julai sita" ni kumpa msomaji tarehe na kumnyima anga. Kiswahili cha pwani kinayo hesabu yake: "mwezi sita" ni siku ya sita tangu mwezi kuandama, na msikilizaji huuona papo hapo ule mwezi mchanga. Lakini miezi yetu ya mfunguo isiguswe, kwani hiyo haina majira maalumu. Siku na ihesabiwe kwa mwandamo, na majira yatajwe waziwazi. Mstari utarefuka kidogo, lakini nanga itashika.