Mzee Hasemi Kama Anaumia

Mwulize mzee wa Kigisu aliyevunjika mguu kama anaumia, naye huenda akakuambia haumii. Katika miaka ya shufwa, msimu wa imbalu, tohara ya Wagisu, unapozinduliwa Mutoto, Mbale, nchini Uganda, vijana husimama hadharani mbele ya kisu, na anayetetemeka huutia ukoo aibu. Aliyepita hapo atamlalamikiaje muuguzi, binti wa umri wa wajukuu zake? Kwenye kipimo cha maumivu, kile cha sifuri hadi kumi, atasema sifuri.

Muuguzi hodari haiandiki sifuri hiyo upesi. Humshika mkono kana kwamba anamsalimu, huku akihesabu mapigo. Hutazama jasho juu ya mdomo na vidole vya mguu vilivyojikunja. Kisha humwuliza alilalaje, na hilo mzee hulijibu bila kuvunja heshima yake.

Ufundi huu hauonekani kwenye faili, ndiyo maana nausifu. Jinja, mama wa Kisoga aliyejifungua mapacha huitwa Nabirye, na muuguzi anayemwita hivyo amempa hadhi yake kabla ya kumpa dawa. Vivyo hivyo, Ramadhani ikiingia, mgonjwa wa kisukari anajua kwamba dini imemruhusu kula, ila moyo wake unakataa; hapo kugomba hakufai kitu. Afadhali kukaa naye na daktari, wazipange dawa kwa saa za futari na daku, au wamwite shehe anayemwamini.

Mbale iko hospitali ya watoto ya CURE, inayotibu maji ya kichwani. Mama hufika na mtoto, na pia na maneno ya majirani: amelogwa, amelaaniwa. Mwaka 2005 daktari Benjamin Warf, aliyefanya kazi hapo, alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba nchini Uganda ugonjwa huu mara nyingi hufuata maambukizi. Lakini utafiti haumfikii mama mpaka muuguzi amweleze kwa lugha yake, pasipo kumcheka, kwamba si kosa lake.

Kuna hatari pia. Akishajua mila, mtu hupenda kuzigeuza orodha: Mgisu yuko hivi, Msoga vile. Wapo Wagisu wanaolia kwa sauti, na wana haki. Irihapeti Ramsden, muuguzi wa Kimaori wa Nyuzilandi, alisisitiza kwamba anayeamua kama huduma imemheshimu ni mgonjwa mwenyewe.

Wodi zinafurika, najua, na usiku mikono ni michache. Muuguzi mwerevu humwuliza jamaa anayelala mkekani kando ya kitanda. Huyo ndiye ajuaye kwamba mzee akianza mizaha, hali imekuwa mbaya.