Mkono wa Mpigaji Ndani ya Namba

Kurekodi ngoma halisi katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, ni kubishana na mazingira. Upepo unatingisha mabati, pikipiki zinapita, jenereta ya jirani inanguruma, na maikrofoni haichagui. Ndiyo maana prodyuza wa kambini huanzia kwenye kibodi ndogo ya MIDI iliyochomekwa kwenye laptopu. Kibodi yenyewe haina sauti. Kinachopita kwenye waya ni taarifa tu: noti ipi imebonyezwa, kwa nguvu gani, na imeachiwa lini.

Kila noti ina namba yake, kuanzia 0 hadi 127. C ya katikati ni 60. Nguvu ya kidole nayo hupimwa hadi 127. Mfumo huu wa MIDI ulionyeshwa hadharani Januari 1983, pale Prophet-600 ya kampuni ya Sequential Circuits ilipounganishwa na Jupiter-6 ya Roland, na vinanda vya washindani wawili vikaelewana.

Kwa Kakuma, kambi iliyoanza 1992 na inayokutanisha Wasudani Kusini, Wasomali, Wakongo, Warundi na Waethiopia katika ardhi ya Waturkana, uelewano huo una kazi. Mwimbaji akiona wimbo uko chini mno kwa koo lake, prodyuza hupandisha noti zote nusu-toni mbili, 60 ikawa 62, bila kupiga upya. Noti zilezile zilizopigwa kwa sauti ya piano zinaweza kulia kama gitaa. Na kwa kuwa faili ni kilobaiti chache tu, mpiga kinanda aliye mjini Lodwar anaweza kutumiwa faili hiyo bila kumaliza bando.

Ila ufundi wenyewe uko kwenye kurekebisha. Programu ya muziki kwenye laptopu ina amri inayovuta kila pigo likae sawasawa kwenye mstari wake. Anayejifunza huitumia kwa furaha, na sebene lake linatembea kama gwaride. Mzoefu hunyoosha kiki na besi, kisha huiacha haihati ichelewe kidogo tu. Kwenye kayamba huipa pigo moja nguvu ya 70, linalofuata 95, la tatu 82, kwa sababu mkono wa mtu haurudii nguvu ileile. Husikiliza mzunguko huohuo tena na tena, akisogeza noti moja, akiirudisha, akiisogeza tena.

Anayedai kwamba biti za kompyuta hazihitaji mpigaji na akae kando ya prodyuza huyu, aone kayamba peke yake inavyoweza kummalizia mtu jioni nzima.